Kuziba upenyo wa hewa kwenye chumba cha AC Dar: ununue nini kwanza, mita ngapi, na nini ukiache dukani

Mtu akinunua AC hapa Dar anauliza BTU ngapi (nguvu ya kupooza), inveta au ya kawaida, fundi wa kufunga anachaji bei gani, ila swali la chumba chenyewe kinavuja wapi halimjii kabisa mpaka LUKU ianze kuisha siku ya tatu. Afu anaambiwa AC ni ndogo, anaongeza nyingine kubwa, na hewa inaendelea kutokea chini ya mlango vilevile. Mi naamini vyumba vingi vya AC mjini hapa vingepoa vizuri tu kwa vifaa vya kuziba ambavyo hata havijazi mfuko mmoja wa rambo, shida ni kwamba watu wananunua vitu visivyo, kwa kukadiria kwa macho, halafu wanaanzia sehemu ambayo haina faida kubwa.

Kwanza tuelewane kwa nini inaumiza. Hewa ya Dar ina maji mengi. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.8, hapo una hewa kama mita za ujazo 39. Usiku nje ni nyuzi 28 na unyevu asilimia 85, we ndani unataka nyuzi 25 na unyevu kama asilimia 50. Kila hewa ya chumba kizima ikitoka na kuingia nyingine ya nje, AC inatakiwa ikamue karibu nusu lita ya maji kutoka kwenye hiyo hewa mpya, na kazi ya kukamua maji ni kubwa kuliko kazi ya kushusha joto lenyewe, yaani sehemu kubwa ya umeme unaopotea kwenye uvujaji unaenda kwenye unyevu. Kwa hesabu hiyo, hewa ikibadilika yote mara 1 kwa saa, usiku wa masaa 8 unakula kama unit 1 ya ziada. Ikibadilika mara 3 kwa saa, na chumba chenye madirisha ya luva kinafika hapo bila shida upepo ukivuma, ni unit 3 kila usiku, unit 90 kwa mwezi. Unit moja ukishatoka kwenye kundi la bei nafuu la wale wa chini ya unit 75 kwa mwezi inakwenda zaidi ya shilingi 350 na kodi zake, we piga mwenyewe. Na ukiwa kwenye hilo kundi la chini ndo uangalie zaidi, maana uvujaji peke yake unaweza kukutoa.

Sasa kabla ya kwenda dukani kuna vyumba ambavyo nakuomba kabisa usivizibe. Jikoni usizibe. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini sakafuni, ule upenyo wa chini ya mlango wa nje na yale matundu ndo vinaitoa. Nyumba inayotumia jiko la mkaa ndani, au inayowasha jenereta kwenye korido au stoo umeme ukikatika, usizibe chochote mpaka hilo jambo uliondoe, moshi wa mkaa na wa jenereta una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala. Chumba cha feni tu bila AC pia acha, ukikiziba unakusanya joto na unyevu, ukuta unaota ukungu nyuma ya kabati. Tunachoongelea hapa ni chumba kimoja au viwili vyenye AC, basi.

KUPIMA KWANZA

Nunua au azima tepu ya fundi, chukua kalamu na karatasi. Halafu tafuta upenyo. Njia rahisi ni moshi wa udi au ile dawa ya mbu ya kuchoma. Funga madirisha na mlango, weka feni ya kusimama kwenye dirisha moja ikitoa hewa nje, ziba pembeni ya feni kwa maboksi na shuka, afu pita na udi taratibu kwenye kila kiungo. Moshi ukisukumwa ndani hapo kuna tundu. Fanya siku ambayo upepo upo, kaskazi ya Januari inakuonyesha vizuri kwa nyumba zinazoangalia kaskazini mashariki, na kusi ya Juni Julai kwa zinazoangalia kusini. Usiku pia unaweza kumweka mtu nje na tochi ya simu akimulika kuzunguka fremu, mwanga ukipenya na hewa inapenya. Kwa mlango bana karatasi katikati ya mlango na fremu, funga, ivute, ikitoka kirahisi hapo pana nafasi.

Kwenye karatasi andika vitu vitatu kwa kila sehemu: urefu kwa mita, upana wa upenyo kwa milimita, na kina chake kwa milimita. Upana na kina ndo vinavyokuambia ununue kitu gani, urefu ndo unakuambia kiasi gani. Watu wanaandika urefu peke yake, wakifika Kariakoo wanauziwa chochote.

Hesabu ya silikoni na akriliki, zile dawa za kuziba za kwenye tyubu, ni hii na haina siri: upana mara kina kwa milimita inakupa mililita kwa kila mita. Upenyo wa milimita 5 kwa 5 unakula mililita 25 kwa mita, kwa hiyo tyubu ya mililita 280 inakwenda mita 11. Ukiwa wa 10 kwa 10 ni mililita 100 kwa mita, tyubu hiyohiyo haifiki mita 3. Ona tofauti hiyo, upana na kina vimeongezeka mara mbili, dawa imeongezeka mara nne. Kama unapiga mstari kwenye kona, ule wa pembetatu kati ya fremu na ukuta, gawanya kwa mbili, kona ya 6 kwa 6 ni mililita 18 kwa mita, tyubu inafika mita 15. Kwenye jibu lako ongeza asilimia 15 ya kupotea, ya mwanzo wa ncha na ya pale mkono utakapotetemeka.

SASA VITU VYENYEWE, KWA MPANGILIO WA KIPI UNUNUE KWANZA

1. Mpira wa chini ya mlango

Huu ndo wa kwanza na sioni sababu ya kubishana. Mlango wa sentimita 90 wenye upenyo wa sentimita 1 chini, na milango mingi ya ndani hapa iko hivyo au zaidi maana fundi anaipasua ili ipite juu ya tailizi, hiyo ni sentimita za mraba 90. Ni sawa na kutoboa tundu la mraba la sentimita 9 na nusu kila upande katikati ya mlango na kuliacha wazi usiku kucha.

Kuna aina tatu utakutana nazo. Ya kwanza ni bapa la alminiamu lenye mpira chini, linafungwa kwa skrubu upande wa ndani wa mlango. Hii ndo chaguo langu kwa chumba cha kulala chenye tailizi zilizolala sawa, inadumu, inafutika, maji ya kudeki hayaiharibu. Ya pili ni bapa hilohilo lakini badala ya mpira lina brashi, hii chukua kama sakafu haiko sawa au mlango unafungukia juu ya zulia, mpira ungekwama hapo na ungeng'oka, brashi inapita. Brashi inapitisha hewa kidogo kuliko kuacha wazi ila haizibi kama mpira. Ya tatu ni zile roli mbili za sponji zilizovaa kitambaa, unachomeka chini ya mlango zinabana pande zote mbili, wamachinga wanazitembeza sana. Zinafanya kazi siku ya kwanza. Ila ukideki zinanyonya maji, zikinyonya zinanuka na kuota ukungu, na zikiburuzwa sakafuni kila siku kitambaa kinatoboka. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa mlango achukue hizi ila akubali kuzitoa na kuzianika kila akideki.

Urefu: pima mlango wenyewe, sio fremu. Zinauzwa nyingi za sentimita 90 au mita 1, unakata kwa msumeno wa chuma. Na pima upenyo mlango ukiwa umefungwa, sehemu tatu, kushoto katikati kulia, chukua ule mkubwa.

Kitu kimoja ambacho watu wanakisahau, kama chumba ni masta, mlango wa bafuni uhesabu kama mlango wa nje. Bafu lina dirisha dogo la luva lililo wazi muda wote, au matundu, au feni ya kutolea harufu, na inabidi libaki hivyo. Kwa hiyo AC yako inapooza bafu, na bafu linapooza mtaa. Nunua mpira wa mlango vipande viwili, mmoja wa korido, mmoja wa bafuni.

2. Vifuniko vya luva na matundu ya juu

Nyumba za zamani za Ilala, Magomeni, Temeke, Kinondoni, nyingi zimejengwa ili zipitishe upepo, na zilijengwa kwa akili kabisa kwa mji wa joto kama huu. Luva na yale matofali ya matundu juu ya dirisha yalikuwa ndo AC. Sasa ukifunga AC ya umeme ndani ya nyumba ya aina hiyo unapigana na nyumba.

Kiukweli luva haizibiki kwa silikoni wala kwa tepu. Kila kioo kina ukingo wake, dirisha la vioo 10 lina mistari isiyopungua 9 ya vioo kugusana na pembeni kote pana vibanio vya chuma, ukipaka silikoni umeliua dirisha na bado litavuja pembeni. Chaguo ni mbili. Bora kabisa ni kulibadilisha liwe la alminiamu, hapo unaongea na fundi kioo na ni hela nyingine. La pili, ambalo ndo napendekeza kwa wengi, ni shiti ya plastiki ngumu inayoonyesha, watu wanaiita perspeksi, ya milimita 3 au 4, ikatwe ikae upande wa ndani ikilala juu ya fremu kwa sentimita 3 kila upande. Nyuma yake zungushia mpira laini wa kubandika halafu ishikwe na vikonyo vya kuzungusha vinne hadi sita ili uweze kuitoa. Ni lazima itoke bila kuhitaji fundi wala bisibisi. Umeme ukikatika usiku wa Februari utataka luva yako ifunguke, na siku ya moto utataka zaidi.

Makadirio: dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 linataka shiti ya mita 1.26 kwa 1.26 na mpira wa mita 5 kamili kuzunguka. Uliza shiti nzima ina ukubwa gani kabla ya kukata, wakati mwingine madirisha mawili yanatoka kwenye shiti moja ukipanga vizuri na ukikata bila kupanga unanunua mbili.

Matundu ya juu ya dirisha yafunike kwa ubao mwepesi au jipsamu uliokatwa kwa kipimo, ukifungwa kwa skrubu mbili na fisha (kile kiplastiki cha kushikia skrubu ukutani). Nje acha wavu wa mbu palepale. Na katika matundu yote acha moja lenye kifuniko cha kufungua na kufunga, kwa sababu AC za ukutani tunazofunga hapa zinazungusha hewa ileile ya ndani, hazileti mpya, na watu wawili watatu wakilala chumba kilichozibwa kila kona asubuhi vichwa vinakuwa vizito. Ukiamka fungua madirisha robo saa.

3. Manyoya ya madirisha ya kuteleza

Dirisha la alminiamu la kuteleza linaonekana limefunga lakini lisikilize upepo ukivuma. Ndani ya mifereji ya fremu kuna brashi nyembamba, mafundi wengi wanaziita manyoya, ndo zinazoziba kati ya jani (kile kioo kinachoteleza) na fremu. Jua, vumbi na chumvi ya bahari vinazila, ukikaa Mbezi Beach, Msasani au Kigamboni karibu na maji utayakuta yamelala au yameisha kabisa. Watu wanabadilisha dirisha zima wakati kilichoisha ni hiki.

Ni kifaa cha bei ndogo na faida kubwa, nimekiweka namba 3 tu kwa sababu kazi yake inataka fundi atoe majani. Chomoa kipande cha sentimita 5 cha zamani uende nacho dukani, usiende kwa maelezo ya mdomo. Kinachotakiwa kifanane ni upana wa ule mgongo wa plastiki unaoingia kwenye mfereji, na urefu wa manyoya yakiwa mapya. Mgongo ukiwa mpana hauingii, ukiwa mwembamba unachomoka. Manyoya yakiwa mafupi hayafiki, yakiwa marefu sana dirisha linakuwa zito kuvuta na watoto watashindwa.

Hesabu: dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 lenye majani mawili, kila jani lina 0.75 kwa 1.2, mzunguko wake mita 3.9, majani mawili mita 7.8. Kama jani lina mfereji wa manyoya upande wa ndani na wa nje zidisha mara mbili, mita 15.6. Angalia kwanza, aina nyingine za fremu zina upande mmoja. Nunua kwenye maduka ya kioo na alminiamu, yanauzwa kwa mita au roli zima, na ukiwa na madirisha manne kwenda juu uliza bei ya roli.

4. Silikoni, lakini ya nyutro

Hapa ndo watu wanapoteza hela zaidi. Silikoni ziko za aina mbili kubwa, ya asidi, ile inayonuka kama siki ukiifungua, na ya nyutro ambayo haina hiyo harufu kali. Ya asidi ni ya bei chini na inashika kioo vizuri sana, ila kwenye chuma inaleta kutu, na kwenye plasta ya saruji haishiki vizuri maana asidi na saruji havipatani, baada ya muda inabanduka utepe mzima. Na upenyo wetu karibu wote ni kati ya fremu ya alminiamu na ukuta wa plasta. Kwa hiyo nyutro. Uliza dukani, soma tyubu, usikubali kuambiwa zote sawa.

Tarehe ya kuisha isome. Silikoni kawaida ina maisha ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kama imehifadhiwa mahali pa baridi, na boksi linaloshinda juani mlangoni mwa duka halijahifadhiwa. Iliyopitwa na wakati inabaki inanata wiki nzima haikauki, au imegandia ndani haitoki. Bonyeza tyubu kwa kidole kupitia nyuma, isikie laini sawasawa bila uvimbe mgumu.

Upenyo ukizidi milimita 10 usijaze silikoni tupu. Chomeka kwanza kamba ya sponji, ile ya duara, iwe nene kuliko upenyo kidogo ili ibane, halafu silikoni ipite juu, kina chake kiwe kama nusu ya upana. Upenyo wa milimita 12 bila kamba na kina 12 unakula mililita 144 kwa mita. Ukiweka kamba ukabakiza kina 6 unakula 72, umeokoa nusu ya dawa na mstari unavutika vizuri zaidi ukuta ukicheza. Kama duka halina hiyo kamba tafuta sponji yoyote ya seli zilizofungwa, isiwe ile ya godoro inayonyonya maji.

Kumbuka silikoni haishiki rangi. Ukipaka rangi juu inajikunja. Chagua nyeupe au inayoonyesha kulingana na ukuta wako.

5. Mpira wa kuzunguka mlango

Pande tatu za mlango wa mita 2.1 kwa 0.9 ni mita 5.1, nunua 6. Chukua mpira wenye umbo la D au P wa EPDM (aina ya mpira unaohimili jua na joto), wa kubandika. Jaribu dukani: ubane mpaka ulale, uachie, lazima urudi palepale. Ukunje mara mbili, ukiona mstari mweupe kwenye mkunjo hiyo ni plastiki ya kawaida, kwa joto letu itakakamaa. Zile tepu za sponji bapa nyeusi au kijivu ziache, zikilala hazinyanyuki tena na gundi yake inayeyuka ikaacha utando kwenye fremu.

Mlango wa mbao unavimba masika. Ukipima Januari ukanunua mpira mnene unaojaza kabisa, Aprili mlango hautafunga na utaulaumu mpira. Chukua unaobaki na nafasi kidogo. Futa fremu kwa spiriti kabla ya kubandika, bila hivyo jasho la mikono na vumbi vinautoa ndani ya mwezi.

6. Akriliki ya kwenye dari

Nyufa kati ya mkanda wa jipsamu na ukuta, hizi nyembamba tu, tumia akriliki maana inapakwa rangi na inafutwa kwa maji ikiwa mbichi. Juu ya dari kuna bati na mchana kule ni joto kali kweli, hewa yake inashuka kupitia nyufa na kupitia kile kimlango cha kupandia darini. Hicho kimlango kizungushie mpira kama wa namba 5, kinasahaulika sana.

7. Foam ya kopo

Nimeiweka mwisho ingawa ndo watu wanaikimbilia kwanza, kwa sababu kwenye chumba kilichokwisha kujengwa matumizi yake ni machache: mapengo makubwa ya zaidi ya sentimita 2 kati ya fremu na ukuta, au juu ya ukuta unapokutana na dari. Mfano pengo la sentimita 2, kina sentimita 10, urefu mita 1, ni lita 2. Kopo la mililita 750 linaandikwa linatoa lita 30 au 40 na kitu, hiyo ni ikifura bila kubanwa na chochote, ndani ya ufa haifuri hivyo, mi nahesabu nusu ya kilichoandikwa. Hata hivyo kwa chumba kimoja kopo moja linabaki, na likishafunguliwa mrija wake unaziba, huwezi kulitunza. Kwa hiyo subiri uwe na mapengo yote tayari ndo ufungue, au shirikiana na jirani.

Nyunyiza maji kidogo ukutani kwanza, jaza nusu tu ya pengo, itafura yenyewe. Vaa glovu, ikikauka kwenye ngozi haitoki kwa sabuni. Jua linaichoma, sehemu ya nje inageuka kahawia na kuwa unga, lazima ifunikwe kwa plasta au rangi. Inashika moto, kwa hiyo usiipige karibu na taa za darini wala waya zinazopata joto. Panya wanaitafuna, kama wanapita hapo tanguliza wavu wa chuma. Na kopo lenyewe usiliache ndani ya gari lililoegeshwa juani, lina gesi ya kuwaka na halitakiwi kuzidi nyuzi 50.

Tundu la bomba za AC wengi wanalijaza foam, mi naona makosa. Siku ya kubadilisha bomba fundi ataanza kuchokonoa na kisu karibu na bomba la gesi na waya. Tumia ile pati laini ya mafundi AC, haikauki ikawa ngumu, inatoka kwa mkono. Kipande kimoja kinatosha tundu moja, ziba ndani na nje, na hakikisha bomba la maji limebaki na mteremko kwenda nje.

ORODHA YA CHUMBA KIMOJA

Kwa kile chumba cha mita 4 kwa 3.5, masta, madirisha mawili ya kuteleza ya mita 1.5 kwa 1.2:

Mpira wa chini ya mlango vipande 2. Mpira wa D kwa milango miwili mita 10.2, nunua 12. Manyoya, kama mifereji ni pande mbili, mita 31.2 na ziada kidogo, sema 35. Silikoni nyutro, mzunguko wa kila dirisha mita 5.4, madirisha mawili 10.8, kona ya 6 kwa 6 ni mililita 194, ukiongeza asilimia 15 ni 223, tyubu 1. Ukitaka na upande wa nje ili mvua isiingie, na kama nyumba inapigwa na mvua za masika nakushauri utake, zinakuwa kama mililita 447, tyubu 2. Akriliki, mzunguko wa dari mita 15, ufa wa 3 kwa 5 ni mililita 225 na ziada yake 259, tyubu 1 inatosha kwa shida. Pati ya AC kipande 1. Bunduki ya kusukumia 1, ile ya fremu nyepesi inapinda, shika mkononi uivute kabla ya kulipa.

Foam hakuna, hadi udi ukuonyeshe pengo la kuihitaji.

Bei zinatofautiana sana kati ya Kariakoo na maduka ya barabarani huko Tegeta au Mbezi, kwa hiyo ukiambiwa bei igawanye kwa mita au kwa mililita kabla ya kufurahi. Tyubu ya mililita 260 inakaa kwenye shelfu pamoja na ya 300 na kwa macho zinafanana. Roli la mpira la mita 5 linaweza kuwekwa kwenye boksi kubwa kuliko la mita 6. Kariakoo na Gerezani nenda asubuhi siku ya kazi, utapata muda wa kusoma tarehe na kupima, ukienda jioni unasukumwa tu. Dai risiti ya EFD, silikoni isiyokauka huwezi kuirudisha kwa maneno matupu.

Kama hela haitoshi kwa mara moja, mwezi huu nunua namba 1 peke yake kwa milango yote miwili, andika unit za LUKU wiki moja kabla na wiki moja baada, AC ikiwa kwenye nyuzi zilezile na masaa yaleyale. Mwezi ujao manyoya au vifuniko vya luva. Silikoni ipige siku kavu isiyo na dalili ya mvua, ukuta ukiwa umekauka, na iache masaa 24 kabla ya kuifungulia AC au kuimwagia maji ya kuosha dirisha.